KAZI YA KUFUMA NA MAKUSUDI YA NYUMBA MWISHONI MWA MWAKA

Hotuba ya Karani wa Chama, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Makadara



Halmashauri iliponiagiza nitayarishe hotuba ya mkutano huu, niliambiwa nizungumze juu ya maisha ya nyumbani, hasa kazi ya kufuma ambayo wake zetu wengi huifanya, na jinsi ya kupanga makusudi ya nyumba mwaka unapokwisha. Nilikubali upesi, kwa maana nilidhani ni jambo jepesi. Mimi ni karani. Kazi yangu mchana kutwa, katika bohari moja huko Eneo la Viwanda, ni kuandika kilichoingia na kilichotoka. Nilidhani nitawaeleza namna ya kugawa ukurasa sehemu mbili, mapato kushoto na matumizi kulia, kisha niketi. Lakini nilipoishika kalamu niliona kwamba siwezi kusema neno juu ya daftari la nyumba bila kuwaeleza kosa lililomo katika daftari la chama, nami ndimi niliyeliandika kwa mkono wangu. Basi naomba mnivumilie.

Iko methali isemayo, mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeitumia mara nyingi katika mikutano hii, hasa kuwaonya waliochelewa kulipa. Sikujua wakati huo kwamba mali yaweza kupotea hata penye daftari, iwapo mwenye kuandika amekwisha kuchagua nani wa kuandikwa.

Turudi nyuma kidogo. Wazee wanafahamu kuliko mimi kwamba nyumba nyingi za upande huu wa Nairobi hazikujengwa kwa ajili ya jamaa. Zilijengwa kwa ajili ya wanaume waliotakiwa kazini: chumba kimoja, kitanda, na mara nyingi vitanda vya watu wasiojuana. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilikuwa miongoni mwa mitaa michache iliyomfikiria mtu mwenye mke na watoto. Na kama zilivyokuwa nyumba, ndivyo ilivyokuwa mishahara. Mwaka 1954 kamati ya serikali juu ya mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na F. W. Carpenter, ilitoa ripoti yake. Ikakiri kwamba kima cha chini cha mshahara mjini kilikuwa kimekadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume aliye peke yake, ikashauri kwamba hatua kwa hatua kikadiriwe kwa mahitaji ya mtu mwenye jamaa.

Kila nisomapo habari hiyo hujiuliza: yule mtu aliyelipwa mshahara wa kapera, mkewe na watoto wake walikula nini? Kwa maana walikuwako. Wengine walibaki mashambani wakilima, wengine walikuja mjini wakajibanza katika chumba kile kimoja. Walikula kazi ya mikono ya mama yao: jembe, kikapu cha mboga, cherehani, na sindano za kufumia. Kazi hiyo haikuandikwa popote, kwa kuwa mwenye kuandika alikuwa amekwisha kukata shauri kwamba nyumba ina mtu mmoja.

Sindano zenyewe zina historia yake. Mwaka 1952, mwaka ule ule Hali ya Hatari ilipotangazwa, Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa kwa msaada wa serikali ya kikoloni, na katika vilabu vyake akina mama walifundishwa kufuma, kushona, kupika, na usafi wa nyumba. Wako wasemao kwamba serikali ilitaka kina mama washike sindano wasishike mambo mengine. Sina ugomvi na maneno hayo. Huenda yana kweli nyingi. Lakini bibi aliyejifunza kufuma alimfundisha binti yake, na binti akamfundisha binti yake, na serikali ile ikaondoka mwaka 1963 ikiacha sindano mikononi mwao. Lililobaki pia, kwa bahati mbaya, ni ile fikira kwamba kufuma ni mafunzo ya nyumbani, si kazi. Mume akirudi jioni akamkuta mkewe anafuma, husema, 'Umepumzika.'

Siku hizi hapa Makadara kufuma si kupumzika. Kweli, viko vitambaa vya krosheti juu ya viti, juu ya meza, na hata juu ya televisheni, nami sijaona nyumba ya mwanachama isiyo navyo. Lakini kitambaa ni pambo, na sweta ni unga. Mwaka 2003 serikali iliondoa karo katika shule za msingi za umma, lakini sare bado hununuliwa na mzazi, nazo shule hufunguliwa mwezi wa Januari, ambao vijana wameubatiza Njaanuari wala hawakukosea. Kwa hiyo majira ya mfumaji huanza Oktoba na kwisha shule zinapofunguliwa. Katika Soko la Uhuru, hapo kando ya Barabara ya Jogoo ambayo wazee waliijua kwa jina la Doonholm Road, mafundi hushona sare kwa mashine, nao ni hodari. Mama afumaye kwa mkono hawezi kushindana na mashine kwa wingi. Hushindana kwa njia nyingine. Humpima mtoto mwenyewe, huongeza vidole viwili vya kukulia, hupokea malipo nusu mbele na nusu nyuma, na mwaka wa pili mikono ikiwa mifupi huifumua akairefusha. Mashine haifanyi hivyo kwa mtu yeyote.

Nimeitazama kazi hiyo kwa karibu miaka kumi sasa, nikiwa nimekaa upande wa pili wa meza. Mke wangu huanza na mgongo. Huhesabu vitanzi juu ya sindano, themanini hivi kwa mtoto wa miaka minane, na akiwa anahesabu haongei na mtu. Hata mtoto akilia hulia mpaka hesabu iishe. Baada ya mgongo hufuma kifua, akigawa vitanzi katikati ili kupata shingo, kisha mikono, mwishowe huviunga vipande vyote. Sweta moja ya mtoto humchukua usiku sita au saba, baada ya vyombo kuoshwa. Tena liko jambo moja ambalo sikulijua, nalo ndilo lililonifundisha kwa uchungu. Uzi hutiwa rangi kwa mafungu kiwandani. Rangi ya fungu hili na rangi iyo hiyo ya fungu lijalo hazilingani sawasawa. Dukani jicho halioni tofauti, lakini ukizifuma pamoja na kuzitoa juani, kila mtu ataona. Kwa sababu hiyo mfumaji mwenye akili hununua uzi wa sweta zote mara moja, au humwomba mwenye duka amwekee fungu lake.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Mwezi wa Oktoba mwaka juzi, akina mama kumi na wawili wa mitaa yetu walimwagiza mke wangu sweta za shule, rangi ya damu ya mzee. Bei ilikuwa shilingi 900 kila moja, na kila mama alitanguliza nusu, yaani shilingi 450. Jumla ni shilingi 5,400. Fedha hizo zilikaa katika mkebe wa majani ya chai juu ya kabati, pamoja na daftari dogo lenye majina na vipimo. Akanunua uzi wa sweta nne na vifaa vyake kwa shilingi 1,800, akaanza kazi. Uzi wa sweta nane zilizobaki aliwekewa na mwenye duka kwa ahadi ya kuulipia tarehe 23 Desemba. Mkebe ulibaki na shilingi 3,600. Tena ilikuwako sweta ya kumi na tatu, ya mwana wetu wa kwanza, ambayo aliifuma kwa fedha zake mwenyewe: mgongo na kifua vilikuwa tayari, na uzi wa mikono ulikuwa katika fungu lile lile dukani.

Mimi nami nilikuwa na ahadi yangu. Mwezi wa Novemba, mbele ya jamaa zetu wa nyumbani Vihiga, niliahidi mabati kwa ajili ya nyumba ya baba mdogo. Hapana aliyenilazimisha. Watu walitaja ahadi zao mmoja mmoja, na zamu yangu ilipofika nilitaja idadi iliyozidi mshahara wangu, kwa kuwa mimi ndimi wa mjini. Basi mshahara wa Desemba ukaenda katika mabati, na nauli, ambayo kila Desemba hupanda kama tujuavyo sote, ikawa haipo. Jioni moja mke wangu alipokuwa ametoka niliufungua ule mkebe, nikachukua shilingi 3,600 zote. Nikajiambia kwamba naazima, nami nitarudisha mwezi wa kwanza. Sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba nauli imepatikana, naye akafurahi.

Tarehe 23 alikwenda dukani. Aliporudi alikuwa na kikapu kitupu. Sikumwona akilia wala hakupaza sauti. Alisema neno moja: 'Baba watoto, pesa zile zilikuwa za watu.' Kisha akaanza kufungasha nguo za watoto, kwa maana safari ilikuwa kesho yake.

Kule nyumbani nilisifiwa sana kwa mabati. Wazee walinipa kiti cha mbele. Mke wangu alikaa na wanawake jikoni akishona vipande viwili vya sweta isiyo na mikono.

Tuliporudi Nairobi mwanzoni mwa Januari, uzi wake ulikuwa umekwisha kuuzwa, na uzi mpya uliokuwa umefika ulikuwa mweusi zaidi kidogo. Hata hivyo fedha ya kuununua haikuwako. Akina mama wanne walipata sweta zao. Wanane walikuja mmoja mmoja kudai, na shule zilikuwa zinafunguliwa juma lile. Nilikuwapo wakati wa wa tatu, mama mmoja auzaye sukuma wiki karibu na stesheni ya Makadara. Hakutukana. Aliuliza tu kama angeweza kupata zake 450 kabla ya saa kumi, ili awahi kununua sweta nyingine sokoni kwa mkopo wa ile nusu. Mke wangu akanitazama, nami nikatazama kalenda iliyo ukutani.

Mwana wetu alikwenda shule bila sweta mwezi wote wa Januari, na mwezi wa Februari alipata sweta yenye mikono ya rangi nyingine. Hakusema neno. Lakini mwezi wa Julai, katika baridi yetu ya Nairobi mnayoijua, nilimpita njiani akitoka shuleni, mikono ya sweta ameikunja mpaka juu ya viwiko.

Wanachama wenzangu, hayo yangekuwa mambo ya nyumbani kwangu tu, na pengine mngesema nisingepaswa kuyaleta hapa. Sikilizeni basi yaliyofuata. Ili kuwarudishia wale mama wanane fedha zao, nilikuja kwenu. Niliandika barua ya kuomba mkopo wa dharura, shilingi 3,600. Penye nafasi ya sababu niliandika, 'Dharura ya nyumbani.' Haikuwa dharura. Tena, kwa kuwa mimi ndimi karani, mimi ndimi niliyeipokea barua yangu, nikaitia nambari, nikaiingiza katika daftari, nikaipeleka kwa Mweka Hazina kwa adabu. Naye, akiniamini, akatia sahihi.

Mkopo ulilipwa kwa miezi tisa, shilingi 400 kila mwezi, haukuchelewa hata siku moja. Katika kitabu cha ripoti ya mwaka jana, penye orodha ya wanachama waliolipa mikopo yao barabara, jina langu ni la pili, na lilipotajwa mlinipigia makofi. Nataka kuwaambia leo kwamba kati ya miezi ile tisa, mitano ililipwa na mke wangu. Alifuma kofia za watoto wachanga, akafuma vitambaa vya viti, akanunua sweta kuukuu za mitumba kule Gikomba akazifumua ili apate uzi wa bei nafuu, akazifuma upya. Na wateja waliokuwa wakitanguliza nusu hawakutanguliza tena, hata mmoja, mwaka mzima. Shilingi 2,000 za kulipia kosa langu zilitoka kwa yule niliyemkosea, na daftari la chama likampa sifa yule aliyekosa. Halikuweza kufanya vinginevyo. Halina mahali pa kuandika jina lake. Katika chama chetu kila nyumba ina jina moja.

Kanuni hiyo tuliirithi. Chama chetu ni cha mtaa, si cha kabila, lakini wengi wa waanzilishi wake walikuwa wamelelewa katika vyama vikubwa vya zamani, kama Luo Union na GEMA, vilivyoagizwa kuvunjwa mwaka 1980, wakati ule ule timu ya Abaluhya ilipochukua jina la AFC Leopards (wazee wa mpira wasianze mjadala sasa, chai inakaribia). Waanzilishi wetu walifanya mema mengi. Wamezika watu, wamesomesha watoto. Lakini walipofungua daftari la kwanza waliandika mwanamume mmoja kwa kila mlango, kama wale waliowakadiria baba zao mshahara.

Juma lililopita nilimwonyesha mzee mmoja hotuba hii. Aliisoma yote, akavua miwani, akaniambia, 'Kijana, fedha ya mke na fedha ya mume ni fedha ya nyumba moja. Ukiigawa fedha, umeigawa nyumba.' Namheshimu mzee huyo kama baba yangu, na maneno yake nimeyafikiri siku nyingi. Kama ni fedha ya nyumba moja, nami nakubali kwamba ni moja, mbona mke wangu akitaka shilingi 400 huniomba, nami nilipotaka shilingi 3,600 sikumwomba? Tena fedha zile hazikuwa za mume wala za mke. Zilikuwa za akina mama wanane ambao hawamo katika nyumba yetu. Mimi niliona mkebe juu ya kabati langu, nikadhani kila kilicho ndani ya mlango wangu ni changu.

Sitaki kuleta sheria mbele ya wazee, ingawa mahakama ya Makadara si mbali. Ila ni vema ijulikane kwamba Katiba ya mwaka 2010 inawapa mume na mke haki sawa wakati wote wa ndoa, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 huhesabu kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango katika mali, sawa na fedha. Nchi imekwisha kubadili daftari lake. Letu bado.

Naomba sasa niwaeleze tufanyavyo nyumbani kwetu, maana hilo ndilo niliagizwa. Mwisho wa mwaka jana, tarehe 30 Desemba, hatukusafiri. Tuliketi mezani watoto wakiwa wamelala. Nilichora ukurasa kama nilivyozoea, sehemu mbili, na mke wangu akachukua rula akaongeza mstari mwingine. Akasema panatakiwa safu ya tatu. Juu yake aliandika, 'Fedha za watu.' Humo huingia malipo yaliyotangulizwa na wateja, fedha za mchezo wa akina mama ambao zamu yake haijafika, mchango wa msiba tuliokabidhiwa tuupeleke, hata shilingi hamsini ya jirani iliyoachwa kwetu kwa ajili ya maziwa. Fedha za safu ya tatu haziguswi na yeyote kati yetu kwa sababu yoyote, hata tukikubaliana sote wawili. Nimekuwa karani miaka kumi na miwili, nimesoma uwekaji hesabu katika shule ya misheni kwa walimu wema, wala sikuwahi kufikiri kwamba nyumba yangu yahitaji safu hiyo.

Kisha tukaandika makusudi ya mwaka. Yangu yalikuwa mengi na makubwa, kama kawaida ya wanaume mwezi wa Desemba: kiwanja, ng'ombe, na mengineyo. Mke wangu aliniuliza kila moja litaanza mwezi gani na kwa shilingi ngapi, na nusu yake yakafutika yenyewe. Ya kwake yalikuwa manne tu. Sweta ya kijana yetu, uzi wake wote ununuliwe siku moja. Blanketi la mabaki ya nyuzi kwa mama yake mzazi, ambaye magoti yake hayapendi baridi. Kitanda cha pili cha watoto. Na la nne, kuweka akiba ya mashine ya kufuma iliyokwisha kutumika, hata kama itachukua miaka mitatu. Leo naweza kuripoti kwamba blanketi limefika, kitanda kimenunuliwa mwezi wa Agosti, na akiba ya mashine imefikia robo ya bei. Akiba hiyo imo katika simu yake, nami sijui nambari ya siri. Wateja watano kati ya wale wanane wamerudi. Huyu wa sukuma wiki hajarudi, wala simlaumu.

Hotuba hii nilimsomea mke wangu kabla ya kuileta. Aliondoa mambo mawili ambayo hakutaka yasemwe, na akanisahihisha hesabu mahali pamoja.

Basi, Bwana Mwenyekiti, naleta hoja yenye sehemu tatu. Kwamba katika daftari la wanachama la mwaka ujao kila nyumba yenye mume na mke iandikwe kwa majina mawili, kila mmoja akiwa na kitabu chake cha akiba na kura yake katika mkutano. Kwamba fomu ya mkopo wa dharura iandikwe sababu kwa ukamilifu, na isainiwe pia na mwenzi wa mwombaji. Na barua ya karani isipokelewe na karani mwenyewe. Na kwamba chama kianzishe mkopo mdogo wa uzi, utolewe mwezi wa Oktoba kwa mfumaji mwenyewe kwa sahihi yake, urudishwe mwisho wa Januari, ili asilazimike kununua uzi kidogo kidogo wala kutegemea mkebe.

Najua mtauliza fedha ya kuanzia itatoka wapi. Nimeangalia vitabu. Kila Desemba chama hutoa fedha ya mbuzi wanne wa karamu ya Wazee. Mbuzi wawili wangetosha uzi wa wafumaji wanne au watano kwa majira mazima, na mkopo ukirudi, mwaka ujao mbuzi wako palepale. Naona nyuso zimebadilika hapa mbele. Wazee wangu, mimi mwenyewe napenda nyama, nami nimepima maneno haya kabla ya kuyasema.

Pamoja na hoja hiyo naomba sahihisho moja lichapwe katika kitabu cha ripoti cha mwaka huu, penye ukurasa ule ule wa mikopo: kwamba katika mkopo wangu wa mwaka jana, shilingi 1,600 zililipwa na mimi, na shilingi 2,000 zililipwa na mke wangu kwa kazi ya kufuma.

Nimeomba mlango wa jikoni uachwe wazi wakati wa kupiga kura, ili walio huko wasikie hesabu ikitajwa. Daftari la nyumba yangu ninalo hapa mkononi, lenye safu zake tatu. Mzee yeyote apendaye kulikagua anakaribishwa wakati wa chai.